Kuunganisha profaili za alumini ubavu kwa ubavu: kipi ununue na kipi ukiache

Nianze na pesa niliyopoteza mwenyewe. Nilitaka meza ya kazi ndefu, mita 2 bila mguu wa katikati, na nilikuwa na profaili za 40 kwa 40 (vile vipande virefu vya alumini vya milimita 40 kila upande, vyenye mfereji, yaani sloti, kila ubavu) zimebaki kutoka kazi nyingine, nikasema nikizilaza moja juu ya nyingine nikazifunga pamoja ntapata boriti ya maana bila kununua alumini mpya. Nikaagiza viunganishi, vile vipleti bapa vya matundu manne vinavyokuja na nati zake za T zinazokaa ndani ya sloti, muuzaji kaandika kwa herufi kubwa kwamba vinaongeza ugumu maradufu. Nikafunga sita kila boriti, nikakaza mpaka kiganja kikauma. Kaka yangu akakaa katikati ya boriti moja, ana kilo 70 hivi, nikapima kwa uzi uliovutwa: imeshuka milimita 8. Nikafungua vipleti vyote, profaili zikabaki zimelaliana tu, akakaa tena: milimita 9. Yaani ule mfuko mzima wa viunganishi na nati na boliti ulininunulia milimita moja.

Nilivifunga tena, halafu nikafanya kitu ambacho nawaomba kila mtu afanye kabla hajanunua chochote. Kwenye ncha ya boriti nikakwaruza mstari mwembamba kwa kisu, umenyooka, unaanzia profaili ya juu unashukia ya chini. Kaka akakaa. Mstari ukakatika pale pale profaili zinapokutana, kipande cha juu kimesogea nje karibu nusu milimita kuliko cha chini, alipoinuka ukarudi kuungana. Na boliti zote zimekazwa! Hapo ndo ugonjwa wote ulipo, na sijaona muuzaji hata mmoja anayeutaja.

Sloti ya profaili ni reli. Imetengenezwa nati itembee ndani yake kwa urefu, ndo raha ya huu mfumo, unasogeza kitu unapotaka unakaza. Sasa unapolaza profaili mbili boriti ikabeba mzigo, zenyewe hazitaki kuachana kwa juu na chini, zinataka kutelezeana kwa urefu, yaani kuelekea kule kule ambako sloti haizuii chochote isipokuwa msuguano. Kiunganishi karibu chochote kitashika vizuri ukivuta profaili ziachane, muuzaji atakuonyesha picha ya mtu ananing'inia na utaamini, lakini huko siko mzigo unakoelekea.

Na nguvu yenyewe sio ndogo. Mtu wa kilo 70 katikati ya boriti yangu ya mita 2, ukitaka zile profaili mbili zifanye kazi kama kitu kimoja, kwenye kila nusu ya boriti viunganishi vinatakiwa kuzuia mtelezo wa kama kilo 650. Nilipopiga hii hesabu mara ya kwanza nilidhani nimekosea nikarudia. Boliti moja ya M6, yaani ya unene wa milimita 6, iliyokazwa vizuri, kwa msuguano peke yake juu ya alumini iliyopakwa anodi ambayo uso wake ni laini, ukipata kilo 150 shukuru. Vipleti vyangu vilikuwa na boliti za M5 na vitatu tu kila upande, vingewezaje.

Faida ya kuzuia huo mtelezo ni hii: profaili mbili zinazoteleza zina ugumu mara mbili ya moja, hata ukizilaza bure bila kiunganishi unaupata huo maradufu anaoutangaza muuzaji. Zisipoteleza kabisa ugumu unafika karibu mara nane ya moja. Tofauti ni mara nne, na hiyo mara nne ndo unayotakiwa kuilipia.

Ila kuna jambo moja litakalowaokolea wengine pesa kabla hatujaendelea. Kama profaili zako zimekaa sambamba kama mbao za meza na mzigo unatoka juu, yaani zimepangana kwa upana sio kwa kimo, mtelezo huo haupo. Kila moja inapinda kivyake na unapata mara mbili hata ukifanyaje, hapo tumia kiunganishi chochote kinachozishika zisiachane, cha bei ya chini kabisa kinatosha. Haya yote ninayosema ni kwa profaili zilizopangwa kwa kimo.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja, na najua wengine watasema nakwepa swali: usiunganishe. Nunua profaili moja ya 40 kwa 80 uisimamishe kwa kimo. Imetoka kwenye kalibu ikiwa kipande kimoja, hakuna kitu cha kuteleza, hakuna cha kulegea mwaka kesho. Watu wanaangalia bei ya mita wanaona ni kubwa kuliko ya 40 kwa 40, hawajumlishi mbili za 40 kwa 40 na nati na boliti na pleti na siku nzima ya kutoboa. Jumlisha kwanza. Na hapa nasema wazi mimi ni mtu wa item, ile kampuni ya Solingen, Ujerumani, sijalipwa na mtu. Napenda nati zao za chuma nzito zinazojaa kwenye sloti bila kuyumba, lakini zaidi ya yote napenda kwamba kila profaili kwenye katalogi yao imeandikiwa momenti ya inesha, ile namba inayosema umbo lake linakataa kupinda kiasi gani, kwa pande zote mbili, kwa hiyo unajua boriti itashuka kiasi gani kabla hujatoa hela. Bosch Rexroth na Misumi nao wanaandika, sio wabaya hata kidogo. Muuzaji asiyeandika hiyo namba anakuuzia urembo.

Namba mbili, kama tayari unazo profaili kama mimi: boliti zilizofichwa ndani ya sloti, pamoja na pleti za kwenye ncha. Boliti inakaa kwenye sloti ya profaili ya juu, kichwa chake kimekalia kipande cha chuma chenye umbo la T, inashuka inaingia kwenye nati ya T iliyo kwenye sloti ya chini. Ukikaza, midomo ya sloti mbili inabanwa uso kwa uso, na kubanwa huko ndo kunakozaa msuguano. Kinachotobolewa ni tundu dogo tu la kupitishia spana ya Allen kutoka juu, milimita 7 inatosha kwa boliti ya M8 maana spana yake ni ya 6. Ukinunua seti za hivi angalia kile kipande cha T ni chuma kinene, sio alumini ya kumwagwa, nimeona vinavyopasuka kona kabla hata boliti haijafika kwenye mkazo wake. M8 ya daraja la 8.8, hilo ni daraja la nguvu ya chuma chake, unaikaza mpaka kama Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo), M6 kama 10, na tafadhali tumia spana ya tok, ile inayopima mkazo, mkono unadanganya.

Halafu zipange kwa akili. Katikati kabisa ya boriti profaili hazitelezi, mtelezo unakua kadiri unavyokwenda kwenye ncha, kwa hiyo rundika boliti nyingi kule nchani, katikati weka moja au mbili za kushikilia tu. Mimi mwanzoni nilizigawa sawa kwa sawa kwa sababu inapendeza macho.

Pleti ya nchani ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii orodha na hakuna anayeiuza kwa kazi hii, lazima uiombe kwa jina lingine, ya mguu au ya kufungia gurudumu. Profaili ya 40 ina tundu katikati linalokubali kuchongwa thredi ya M8. Unachonga thredi kwenye ncha za profaili zote mbili, unafunga pleti moja inayofunika zote mbili, boliti moja kila profaili. Ya juu ikitaka kutoka nje inakutana na pleti, ya chini inaivuta pleti isiende, na boliti hapa inavutwa kwa urefu wake yenyewe, haitegemei msuguano wala haijali kwamba tundu la pleti ni la milimita 9 na boliti ni ya 8. Ila pleti iwe nene, 8 au 10. Ya milimita 3 inajikunja tu. Na ncha zikatwe pamoja kwa msumeno ulionyooka, moja ikiwa fupi kwa unywele pleti haikalii vizuri na umepoteza kazi.

Namba tatu ni pleti za ubavuni zenye pini. Ni vile vile vipleti vyangu vya kwanza ila vikubwa zaidi, vinene, na baada ya kukaza unatoboa kwa pamoja pleti na ukuta wa profaili halafu unapigilia pini za springi, zile za chuma zinazojitanua ndani ya tundu, angalau mbili kwa kila profaili, kila ncha. Pini inajaa tundu lake, boliti haijazi, tundu la kawaida la M6 ni 6.6 na huo upenyo wa 0.6 ni mkubwa kuliko mtelezo wote niliouona kwenye mstari wangu wa kisu. Ubaya wake ukishatoboa hurudi nyuma, profaili imekuwa ya kazi hiyo moja. Kwa mashine inayotetemeka hata hivyo ningechagua pini kabla ya boliti zozote.

Namba nne, vile viunganishi vya umbo la H unavyovisukuma ndani ya sloti mbili halafu unakaza grabu skrubu, ile skrubu isiyo na kichwa. Vinaonekana vizuri kweli. Lakini grabu skrubu inasukuma sakafu ya sloti yake, inakishika kiunganishi ndani ya sloti yake, haivuti profaili moja kuelekea nyingine. Nilishika tochi nyuma ya boriti ya rafiki yangu aliyetumia hivi nikaona mwanga unapita katikati ya profaili. Nyuso zisipogusana huo msuguano unatoka wapi.

Vipleti vidogo bila pini, kona za L, gundi: visitumike kwa kimo. Kuchomelea pia, joto linalainisha aloi ya 6063, alumini ya kawaida ya profaili hizi, pale pale unapochoma na profaili inapinda.

Kuhusu nati, neno moja. Zile za nyundo unazoziingiza kwa mbele zikajigeuza robo duara ni nzuri kwa kufungia kifuniko, sio kwa hii kazi, zinagusa mdomo wa sloti kwa pembe mbili ndogo tu. Chukua ndefu zinazoingia kutokea nchani, hata kama itabidi ufungue kila kitu ukisahau moja.

Na hapa wauzaji ndo wananichosha kabisa. Unauliza sloti ni ya milimita ngapi, unajibiwa "ni ya 40". 40 ni kipimo cha nje jamani, 40 kwa 40 zipo zenye sloti ya 8 na zipo zenye sloti ya 10 na nati za moja hazifai kwenye nyingine. Niliuliza mara tatu muuzaji mmoja, mara ya tatu kaniambia itaingia tu, ikafika inaingia kweli na inazunguka ndani kama jino lililolegea. Wengine wanauza kiunganishi kwenye ukurasa mmoja na nati yake kwenye ukurasa mwingine, unafungua boksi unakuta kipande cha chuma hakina cha kukifungia, unalipa usafirishaji mara mbili. Na hilo neno "ugumu" wanaliandika kila mahali bila namba yoyote pembeni yake, wakati mtu anaweka mashine yake ya maelfu juu ya hiyo boriti, anaweka mikono yake chini yake.

Boriti yangu sasa ina boliti nane zilizofichwa, tatu tatu zimesogezwa nchani, na pleti za milimita 10 pande zote mbili. Kaka amekaa tena pale pale, uzi unasema 3. Mstari wa kisu bado upo kwenye ncha, nyuma kidogo ya pleti, niliukwaruza upya, na akiwa amekaa nikiutazama kwa kioo cha kukuzia hausogei.