Gari la Kambi na Mtoto Mdogo Sipi: Uzoefu Wangu

Kwa familia yenye mtoto aliyeanza kukimbia lakini ambaye bado hajui hatari, gari la kukodi lenye kitanda ndani na hema juu ya paa linafaa sana kwa safari ya milimani, ila kwa sharti moja: mtoto alale ndani ya gari, si juu ya paa. Nasema hivi baada ya mimi, mume wangu na binti yetu, ambaye hajatimiza miaka miwili, kulitumia gari la namna hiyo kutoka Kampala hadi Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wakati wa likizo ya Januari.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya dizeli, ya miaka mingi lakini iliyotunzwa vizuri. Viti vya nyuma kabisa vimeondolewa na mahali pake pamewekwa kitanda cha mbao chenye godoro, na chini ya kitanda kuna droo za vyombo, jiko dogo la gesi, na friji inayotumia betri ya pili ili betri ya kuwashia injini isiishe nguvu usiku. Friji hiyo ndiyo iliyonifanya nilichague gari hili badala ya kuazima hema la kawaida, kwa sababu maziwa na supu ya mtoto nilivyovitayarisha nyumbani vilifika bila kuharibika, na asubuhi tulipika uji wake kando ya gari hata kabla jua halijapanda.

Kasoro kubwa ilikuwa kiti cha mtoto. Tulikiagiza tulipolipa, tukaeleza umri na uzito wa binti yetu, lakini gari lilipoletwa tulikuta kiti cha mtoto mkubwa zaidi, kisicho na mikanda yake chenyewe. Tulikataa kuondoka mpaka kiletwe kinachofaa, na kikaletwa, ingawa saa za asubuhi zilikuwa zimekwisha na barabara ya Jinja imekwishajaa malori. Anayetaka kukodi akague kiti hicho siku moja kabla ya safari, aone kinavyofungwa na mkanda wa gari, na akitikise kwa mkono, kikicheza, asikikubali.

Tulisimama kidogo Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, tukavuka Nile kwenye daraja jipya la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018, kisha tukashika njia ya Tirinyi hadi Mbale, ambako tulijaza mafuta na maji. Sehemu ya mwisho, kutoka Mbale kupanda kuelekea Kapchorwa, ni ya lami nzuri yenye kona nyingi. Mbale iko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari na Sipi karibu mita 1,800, kwa hiyo masikio ya mtoto huziba njiani. Tulimpa chupa anyonye, akatulia. Urefu huo haumletei mtoto ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza kuwapata watu wakipita mita 2,500. Kilele cha Wagagai, kirefu kuliko vyote vya Elgon, chenye mita 4,321, si mahali pa kumpeleka mtoto wa umri huu, na sisi hatukukifikiria.

Kambini, jambo la kwanza ni mahali pa kuegesha. Mzee anayelinda uwanja alitupokea kwa Kiswahili, lugha ambayo Wasabiny wengi, wenyeji wa huko, wanaielewa vizuri kwa kuwa wako jirani na mpaka wa Kenya, akaniambia, "Mama, sogezeni gari mbali na ukingo, mtoto hajui genge." Tulisogea. Tulitafuta pia sehemu tambarare, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, kwa sababu gari likiinama kidogo tu mtoto huviringika usiku kucha na hakuna anayelala.

Hema la juu ni zuri kwa watu wazima, lakini ngazi yake hupanda karibu mita mbili, zipu zake mtoto anaweza kuzifungua, na kubadilisha nepi huko juu gizani ni kazi ya hatari. Kwa hiyo baba alilala juu, mimi na mtoto tukalala ndani. Tuliacha madirisha mawili wazi kidogo na kuyafunika kwa chandarua, maana hata kwenye urefu huo mbu bado wapo, na pia gari likifungwa kabisa pumzi za watu hugeuka maji kwenye vioo na kulowesha blanketi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mtu wa Kampala huihisi tofauti hiyo mara tu jua linapozama. Mvishe mtoto nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, pamoja na soksi na kofia. Nawasihi wazazi wenzangu wasiingize sigiri ndani ya gari wala hema hata kama mkaa unaonekana umekufa, kwa sababu hewa ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huwaua watu wakiwa usingizini.

Mchana tulitembea kwa miguu katikati ya migomba na mibuni ya arabika, mtoto akiwa amefungwa mgongoni kwa leso, maana kigari cha kusukuma hakina kazi kwenye njia hizo. Maporomoko ya maji ya Sipi, yale ya chini, ambayo maji yake huanguka karibu mita 100, tuliyatazama kutoka mbali. Njia ya kuteremka huwa na utelezi. Binti yetu alifurahia zaidi kuku wa jirani na ndoo ya maji.

Gari hili nitalikodi tena, lakini kati ya Desemba na Februari tu. Udongo wa Elgon ukilowa huteleza hata kwa gari lenye nguvu za magurudumu manne, na miteremko yake imekwishaporomoka na kuua watu wengi, Bududa mwaka 2010 na 2018, na Bulambuli Novemba 2024. Nikialikwa huko msimu wa mvua, nitalala Mbale mjini na kupanda Sipi mchana, siku isiyo na mawingu mazito.