Shokapu za barabarani na treki: kabla hujalipa, uliza namba ya springi

Mwaka jana nilinunua shokapu ya nyuma ya pikipiki, mpya kabisa, bado imo kwenye boksi lake, ina vinobu vya kurekebisha juu na chini, mpaka nikawa nawaonyesha watu picha yake kwenye simu kama mtoto mchanga. Wiki ileile nikaingia nayo treki, yaani uwanja wa mbio. Kuna kona moja ina viraka, na kwa ile shokapu iliyokuja na pikipiki nilikuwa napita bila hata kuwaza, sasa kiti kinanipiga chini na tairi la nyuma linadunda kama mpira. Nikampigia aliyeniuzia. "Dada, we ni mwepesi, legeza prilodi tu, itakaa." Nikalegeza. Nikalegeza tena. (Prilodi ni ule mkazo springi inaopewa kwa kuzungusha ringi, kabla hujapanda.) Mwisho ile ringi ya kukazia springi ikakaribia kuisha nyuzi, na bado natupwa.

Mi nina kilo 58. Springi iliyokuwa mle imeandikwa 105. Maana yake kila milimita moja inayobonyea inadai nguvu ya newton 105, yaani karibu kilo 11, na kwa pikipiki yangu hiyo ni springi ya mwanaume mzito anayeshindana. Hakuna aliyeniuliza uzito wangu. Waliniuliza rangi.

Kwa hiyo humu sitaongelea idadi ya kliki za vile vinobu, wala wepesi wa chuma, wala ile chupa ya gesi kama iko pembeni au juu. Hayo utayakuta kila mahali. Mi nina neno moja tu, springi, na nitalisema mpaka uchoke.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Kukaza prilodi hakufanyi springi iwe ngumu, na kuilegeza hakuifanyi laini. Springi ya 105 itabaki 105 hata uizungushe mpaka mkono uume. Kinachobadilika ni pikipiki inakaa juu kiasi gani ikishabeba uzito, basi. Mafundi wangapi wanajua hili na bado wanakwambia "kaza kidogo itakuwa ngumu"? Wengi, na wanakulipisha.

Sasa utajuaje yako inakufaa. Chukua futi kamba na watu wawili. Nyanyua nyuma mpaka tairi liache ardhi, pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama uliyobandika kwenye mkia. Shusha, itikise kidogo, pima tena pikipiki ikiwa peke yake. Halafu panda na nguo zako zote, helmeti, buti, kila kitu, kaa mkao wa kuendesha, mmoja akushikilie na mwingine apime. Rudia mara tatu maana msuguano unadanganya, vipimo haviji sawa. Kila kipimo kitoe kwenye kile cha kwanza cha tairi hewani, tofauti ndo kiasi ilichobonyea. Mbele unafunga ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye bomba la shokapu, itakuonyesha imebonyea hadi wapi.

Ukiwa umepanda, nyuma kwa barabara inatakiwa ibonyee kama milimita 30 hadi 40, treki 25 hadi 30. Mbele barabarani 35 hadi 40, treki 30 hadi 35. Hapo ndo wengi wanaishia, wakipata 30 wanafunga spana wanaenda nyumbani. Ile namba ya pili ndo inayosema ukweli: pikipiki ikiwa tupu nyuma ibonyee kama 5 hadi 10. Ukiwa umepanda ukapata 30 safi lakini ikiwa tupu haibonyei kabisa, springi yako ni laini mno, umeibana tu kwa prilodi ili isimame. Ikiwa tupu inazama sana wakati wewe umepata 30 yako, basi ni ngumu kuliko wewe. Yangu ilikuja inasoma 3 tupu na 20 nikiwa juu. Nilipolegeza mpaka nikapata 30, tupu ikawa 13. Tofauti ni 17 ileile. Unaona? Nilizungusha ringi mchana kutwa na uzito wangu bado unaibonyeza milimita 17 tu. Nilipoweka springi ya 80 nikapata 8 na 30, na ile kona yenye viraka nikaanza kuipenda.

Haya, za kununua.

Namba moja ni Öhlins na sioni haya kusema. Nawapenda, nimewapenda tangu sijajua hata shokapu inafanya nini, ile springi ya njano tu. Kampuni ya Sweden, Kenth Öhlin aliianzisha 1976, na tangu 2025 iko mikononi mwa Brembo, wale wa breki. MotoGP, yale mashindano makubwa ya pikipiki duniani, miaka ya karibuni karibu wote wako juu yake isipokuwa KTM wanaotumia shokapu za WP. Lakini hayo siyo yaliyonileta. Kilichonileta ni kwamba springi zao zinauzwa peke yake, kwa hatua ndogondogo, 80, 85, 90, 95, namba iko kwenye springi yenyewe, na kwa pikipiki nyingi kuna jedwali la uzito wa mpandaji na springi yake. TTX36 kama unaingia treki sana. Kama treki ni mara mbili tatu kwa mwaka, chukua STX 46, uwezo wa ile TTX36 hutaumaliza. Mbele katriji za NIX, zinazoingia ndani ya mabomba ya shokapu za mbele, mguu mmoja unashughulikia kompresheni (inapobonyea) na mwingine ribaundi (inaporudi juu), kwa hiyo ukizungusha kinobu unajua umegusa nini. Ni ghali, ndiyo, na mafuta yake yanachoka kama ya wengine, na kujaza gesi ya naitrojeni kunataka fundi mwenye mtambo.

Namba mbili Nitron wa Uingereza, na kwa haki ya hoja yangu mwenyewe wangekuwa wa kwanza, kwa sababu wanakutengenezea baada ya kukuuliza uzito wako na unaendesha wapi. Wilbers wa Ujerumani nao wana tabia hiyohiyo nzuri. Nimewaweka chini ya Öhlins kwa mapenzi tu, usinibishie.

Tatu K-Tech, Uingereza pia, hasa kwa mbele. Hyperpro wa Uholanzi wana springi zinazoanza laini zikabanana kadiri zinavyobonyea, barabarani raha, treki mi sizitaki maana namba yake inahama kila unapobonyea na mi napenda kujua nimekalia nini.

Za bei ndogo: zipo. Kama springi yake haina namba na muuzaji haijui, pita.

Na kama hela haitoshi shokapu nzima, usinunue shokapu ya ajabu ajabu. Nunua springi tu za uzito wako, mbele na nyuma, uingize kwenye zilezile zilizokuja na pikipiki, ubadilishe na mafuta ya mbele. Hapo uangalie, maana 10W ya kampuni hii siyo nzito sawa na 10W ya ile, angalia ile namba ya unene kwenye nyuzi joto 40, imeandikwa kwenye karatasi ya mafuta. Pikipiki yenye springi sahihi na shokapu ya kiwandani itakufaa kuliko dhahabu yenye springi ya mtu mwingine.

Wenye zile za umeme wananiambia yao inajirekebisha yenyewe. Inarekebisha njia ya mafuta, na nyingine zinakaza prilodi kwa mota. Springi ni ileile, kompyuta haijui kuikata. Pima kama sisi.

Kwa anayetumia pikipiki moja kote kuwili: springi ibaki ya uzito wako, prilodi uongeze kidogo ukienda treki, kliki uhesabu kuanzia ilipofungwa kabisa, ubadilishe moja moja, uandike. Mi naandika kwa kalamu kwenye tepu chini ya kiti.

Kinachoniuma ni huku kuuza springi kama nyongeza. Unatajiwa bei ya shokapu, unalipa, halafu ukirudi na malalamiko ndo unaambiwa springi yako ipo, ila ni hela nyingine, na kuifunga hela nyingine, na ile ya kwanza hawairudishi kwa sababu imeshatumika. Imetumikaje na mimi siwezi hata kuibonyeza! Swali la kilo ngapi linachukua sekunde mbili. Mchinjaji wa mbuzi analiuliza.

Ile 105 iko stoo, nyekundu, inang'aa. Nimeitangaza miezi sita sasa. Wanaopiga simu wanauliza kama itaendana na rimu.