Ukarabati wa nyumba ya matumbawe: chokaa nyota tano, makadirio mbili

Nimetumia kampuni inayojinadi kwa nyumba za kale, kwenye ghorofa moja ya matumbawe na boriti za mikoko upande wa Kivukoni, Dar es Salaam.

Ukuta wanaujua. Walivua lipu yote ya saruji hadi jiwe, kwa tindo na nyundo ndogo. Saruji ndiyo inayoziua nyumba hizi: matumbawe hunyonya maji ya chini pamoja na chumvi, na maji yakikosa pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuibandua, hata upake rangi ya bei gani. Lipu mpya ni debe 1 la chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, kwa madebe 3 ya mchanga wa mto uliochekechwa. Wa ufukweni usiuguse. Walipiga tabaka tatu, kila moja kama milimita 10, na kuzifunika magunia mabichi, maana upepo wa bahari ukiikausha haraka inapasuka. Fundi anayeahidi kumaliza chumba kwa siku moja, muulize mfuko wa saruji kauficha wapi.

Makadirio sasa! Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, ambako ndiko huozea, hawakuvihesabu. Bisibisi tu ingetosha: ikizama sentimita 2, boriti imekwisha. Ankara ya nyongeza ikaja dari likiwa wazi, na hapo hakuna kubishana bei. Dai bei ya kila boriti kwa maandishi kabla hawajafungua. Mikoko haikatwi bila kibali cha misitu, kwa hiyo wanaweka mbao zilizotiwa dawa; sawa tu. Wakikushawishi umwage zege badala ya boriti, kataa: slabu ya sentimita 15 ina takriban kilo 360 kwa mita ya mraba, na ukuta huo haukujengewa mzigo huo.

Kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji waliking'ang'ania, heko kwao, ila michoro yenye mihuri ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa waliificha chini ya "mengineyo". Itake iwe mstari wake kwenye makadirio. Mlango wa nakshi wa kabla ya 1940 unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo ukarabatiwe palepale, asije dalali akauona.

Asilimia 10 ya malipo nimeizuia mpaka masika yapite. Dari likivuja Aprili, watarudi kwa gharama yao.