TAHADHARI: Jamaa anayeuza "hisa" za michoro ya Kichina kwenye magrupu

Ndugu zangu, hasa mlioko Guangzhou, Dubai na Ulaya, kaeni chonjo. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akijiita wakala wa sanaa ya kisasa ya China. Anauza hisa za mchoro, yaani vipande vya umiliki wake, anaodai ni wa Zhang Xiaogang, mchoraji maarufu wa China: unatuma hela, unapewa cheti chenye muhuri mwekundu, unasubiri mchoro uuzwe mnadani Hong Kong. Nilimuuliza aliununua wapi na lini. Akanitumia picha ya cheti kilekile. Nilipouliza tena, akaniondoa kwenye grupu.

Anawapata watu kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Mwaka 2013 mchoro wa Mchina Zeng Fanzhi uliokuwa wa Mbelgiji Guy Ullens, mkusanyaji wa sanaa, uliuzwa kwenye mnada wa kampuni ya Sotheby's, Hong Kong, kwa dola za Hong Kong milioni 180.4, kama milioni 23 za Marekani. Anamtaja pia Mswisi Uli Sigg, naye mkusanyaji. Asichosema ni kwamba Sigg, aliyewahi kuwa balozi Beijing, alikuwa akiwafuata wasanii wenyewe wanapochorea, na mwaka 2012 kazi 1,463 alizitoa bure kwa makumbusho ya M+ ya Hong Kong. Tajiri gani hapo alinunua kipande cha mchoro kwa mtu wa WhatsApp?

Na hizo hisa zilishajaribiwa, tena kwenye soko rasmi. Mwanzoni mwa 2011, soko la kuuzia sanaa la mji wa Tianjin, China, liliigawa michoro ya msanii Bai Gengyan kwa hisa za yuan 1. Kufika Machi zilishapita yuan 17. Biashara ikasimamishwa, bei zikaporomoka, na Novemba serikali ikazuia mtindo huo wa kukatakata mali na kuuzia umma. Waliochelewa kuuza ndio walioumia.

Cheti nacho kisikupumbaze. Mwaka 2005 mnunuzi mmoja alilipa zaidi ya yuan milioni 2.5 mnadani Beijing kwa mchoro ulioandikwa jina la mchoraji Wu Guanzhong. Mwaka 2008 mzee Wu, akiwa hai, aliuona na kuandika juu yake kwamba ni wa kughushi. Mnunuzi akaenda mahakamani, akashindwa! Kifungu cha 61 cha sheria ya minada ya China kinamkinga mwendesha mnada aliyetangaza mapema kwamba hathibitishi uhalisi. Sasa wewe mwenye cheti cha PDF utamshtaki nani?

Akikufuata, mwambie akupe tarehe ya mnada na namba ya mchoro humo. Minada mikubwa huweka matokeo yake mtandaoni, utayaona mwenyewe. Namba za simu anabadilisha, ila picha anayotuma ni ileile: familia ya watu watatu, nyuso za kijivu, uzi mwembamba mwekundu. Picha za aina hiyo hunakiliwa kwa rangi za mafuta kule Dafen, mtaa wa wanakili michoro mjini Shenzhen, China, kwa bei ya fremu.

Aliyekwisha kutuma hela apige simu benki leo, na ushahidi wa malipo asiufute.