Mtoto mwenye hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri): Mbeya au Muhimbili?

Kwa kipimo cha kwanza na kliniki za kupangiwa, nendeni Muhimbili, Dar. Madaktari bingwa wa damu wako kule. Hapo sibishani na mtu.

Damu ikianza kuvujia gotini ni habari nyingine. Goti linavimba, linakuwa la moto, mtoto analia ukimgusa tu. Dawa ya kugandisha damu ikipatikana ndani ya saa 2 ndiyo heri, na Dar ni zaidi ya kilomita 800. Saa 2 zinaisha hata mlima Kitonga hamjashuka. Kimbilieni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ila ulizeni mapema, mtoto akiwa mzima, kama dawa ipo. Na jamani, popote mtakapofika mwambieni nesi: asichomwe sindano ya msuli, asipewe aspirini.