Nilitaka namba 18, nikaambiwa sijui kuhesabu

Napuliza tuba, lile besi la kukumbatia, kwenye kikundi cha matarumbeta cha kanisa letu hapa Tabora. Mdomo wake wa zamani, kile kikombe cha kupulizia, fedha ilishabanduka, umebaki shaba tupu. Kabla mvua hazijaanza nikaagiza mpya kwa muuzaji mmoja wa Dar. Nikamsisitizia: namba 18, maana papi zangu ni nene, nimerithi kwa babu. Kifurushi kikaja na basi. Nafungua, 24.

Nikampigia. Jamani! "Mzee, 18 na 24 ipi kubwa? Nimekuongezea, ulitakiwa ushukuru." Nikamweleza taratibu kwamba namba za Bach, kampuni ya midomo ya matarumbeta, zinakwenda kinyumenyume, namba ikipanda kikombe kinabana. 18 ina upana wa milimita 32 na nusu hivi, 24 ina 31 na robo. Akacheka. "Huko Tabora mnahesabu kuanzia wapi? Kamuulize mtoto wa darasa la kwanza." Akakata simu. Mimi! Niliyefundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu!

Utasema milimita moja na ushee ni kitu gani. Vaa kiatu kinachobana kidogo tu, utembee nacho kutoka Ipuli mpaka stesheni, halafu tuongee. Jumamosi tukawa na harusi. Nyimbo tatu za mwanzo salama. Ya nne, sauti za chini zikaanza kukwama, zinatoka kama mbuzi aliyekabwa kamba, papi hazina pa kutetemekea. Mke wangu akanivuta pembeni kuniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo nilikuja hapa kuandika msinunue, takataka. Ila nisiwe mwongo. Juzi kijana wetu mmoja mwenye papi nyembamba aliomba aujaribu. Besi likanguruma mpaka madirisha yakaitika, na zile sauti za juu ninazozifikia kwa maombi, yeye anazipanda kama ngazi. Kumbe mdomo hauna kosa. Fedha yake imekaa vizuri, na mkia wake umeingia kwenye tundu la tuba yetu bila kuchezacheza. Hilo nalo ni bahati, maana sikuuliza: kuna tuba za Ulaya zenye tundu pana, huko mkia mwembamba unazama na kuyumba.

Basi kama papi zako ni nyembamba, chukua 24, hutajuta. Hata yule muuzaji pengine siku ile jua la Kariakoo lilimzidi... Hapana. Simsamehe. Angesema "samahani mzee, 18 imeisha", ningenunua hiyohiyo 24 kwa roho safi na kumpa kijana.

Mdomo sasa ni wa kijana. Mimi nimerudi kwenye shaba yangu, kila Jumamosi naisugua kwa limau na majivu. Mwenye kujua muuzaji mwingine mwenye 18 anielekeze, nauli ya basi nitalipa mwenyewe.