Darasa la umodo Nyali, nimemtoa mdogo wangu

Nyota 1. Nilimlipia mdogo wangu wa miaka 17 miezi mitatu nikijua atajifunza kutembea na kujiamini. Kutembea wamemfunza vizuri, hilo nawapa. Lakini kila Jumamosi wanawapima kiuno kwa futi ya fundi mbele ya wenzao na namba inasomwa kwa sauti, wallahi mtoto akaanza kukataa mahamri na mbaazi asubuhi, ni maji ya ndimu tu, siku moja nikamkuta kashika ukuta wa choo kizunguzungu kimemzidi, mikono baridi kama samaki wa barafu, nikalia.

Kumuuliza mwalimu ananambia eti soko la Ulaya ndio linataka hivyo. Soko gani? Ufaransa tangu 2017 modo lazima awe na cheti cha daktari, na Madrid 2006 walishakataa waliokonda kupita kiasi jukwaani, mwaka huohuo modo Ana Carolina Reston wa Brazil akafa kwa anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula, ana miaka 21 tu!

Pesa hawajarudisha. Mamangu ukimpeleka mtoto huko ulizia kwanza hiyo futi. Wetu tunamrudisha polepole, jana amekula nusu sahani ya wali wa nazi.